Moshi wa Mirella

Jumapili ile soko la Vergini, mjini Napoli, lilikuwa limefurika, pa kutia mguu hapaonekani. Watu wametoka misa ya kwanza, wauza samaki wanapiga kelele, na katikati ya zahama hiyo Loredana alikuwa anapita kwa haraka, viatu vya kisigino vikimtesa juu ya mawe. Alivaa gauni la kitani la rangi ya maziwa, nywele kazibana juu, na mikononi ana glavu nyeupe zilizomfika kwenye viwiko. Alikuwa ndiye mama wa ubatizo wa mtoto wa dada yake, na kwa kawaida yake alikuwa kachelewa.

Mbele yake, nyuma ya mkokoteni wa malimau, lilikuwa limekwama gari la michezo la zamani, lile la wazi la watu wawili, rangi ya divai nyekundu. Dereva alikuwa anakanyaga mafuta lisizime. Loredana alipofika nyuma yake, gari likakohoa, na wingu jeusi likamvaa kuanzia magoti mpaka kifuani.

"Wee! Huna macho?"

Dereva aliruka nje hata mlango hakuufungua. Mwanamume mrefu, mwembamba, ana koti la kijivu lililoshonwa vizuri na macho ya mtu asiyelala. "Dada, nisamehe. Nisamehe sana. Nikiachia mafuta linazima."

"Liache lizime! Limekunywa mpaka linatapika."

Akachomoa leso yake, akainama kulifuta gauni. Loredana akamrukia mkono. "Usifute! Masizi hayafutwi, utayapaka yote. Yanapulizwa."

Basi wakasimama pale sokoni, mtu na mtu wasiojuana, wakilipuliza gauni, na wauza samaki wakawapigia miluzi. Glavu hazikuwa za kuokolewa tena. Loredana alipoona hivyo akainama, akaingiza kidole ndani ya bomba la moshi, akakitoa, akasugua, akanusa.

"Makavu," akasema. "Si oili hii. Petroli nyingi, hewa kidogo. Nani anakutengenezea?"

"Muulize nani hajalitengeneza. Nimezunguka Napoli nzima."

"Wameshindwa?"

"Wote."

"Lilete kwangu, mtaa wa Via dei Cristallini. Ulizia kwa Loredana, fundi kabureta."

Mwanamume alimtazama toka nywele mpaka visigino. "Wewe? Fundi?"

Loredana akavua glavu moja. Mkono ulikuwa mfupi, mpana, na weusi umeingia kwenye mistari ya kiganja mpaka umefanya makazi. "Unafikiri glavu nimezivaa kwa ajili ya baridi, mwezi wa tano huu? Nimezivaa padri asizimie."

Mwanamume akacheka. Ilionekana hajacheka siku nyingi, maana alishtuka mwenyewe. "Mimi Ruggiero. Mkata glavu. Na hizo, samahani, kidole gumba kimeshonwa vibaya. Nitakukatia nyingine. Ni deni langu."

Walivyoachana kila mmoja aligeuka kumtazama mwenzake, na kwa bahati mbaya waligeuka wakati mmoja.

Gari lilifika Cristallini kesho yake. Karakana ya Loredana ilikuwa ya marehemu baba yake, chumba chenye dari ya mviringo kilichochimbwa mwambani, kina baridi hata Agosti. Mlango wa pili anakaa Bi Ersilia, mjane, ambaye toka asubuhi hadi jua kuzama huketi kizingitini anamenya maharage na kumenya watu. Alipoliona gari akafanya ishara ya msalaba.

"Unajua la nani hilo, binti yangu?"

"La mkata glavu."

"La Mirella. Mkewe, Mungu amrehemu. Alikuwa halishuki gari hilo, na sigara haimtoki mdomoni. Amekufa kwa kifua, maskini. Siku ya maziko tu, mume anatoka makaburini, gari likaanza kutoa moshi. Mpaka leo." Akashusha sauti. "Bado anavuta, humo humo ndani."

Mtaa wetu wa Sanità tumeishi na wafu tangu enzi; chini ya nyumba zetu kuna mafuvu mengi kuliko vigae vilivyoko juu. Kwa hiyo Loredana hakucheka. Aliitikia tu kwa kichwa, akafungua boneti.

Ruggiero alikuwa amesimama nyuma yake. Ukaguzi wa magari ulikuwa umelikataa, akasema. Lisipoacha moshi haliruhusiwi barabarani tena.

"Asubuhi likiwa baridi linawaka?"

"Mara moja. Hata Januari. Kama vile linaningoja."

"Na likishapata joto?"

"Ndiyo linaanza kukohoa."

"Choki unairudisha?"

"Mpaka mwisho."

Loredana akaingiza kichwa ndani ya gari ahakikishe, na mkono wake ukasimama hewani. Kwenye kishikio cha choki, kile kinachovutwa gari likiwa baridi ili linywe petroli zaidi, chini ya dashibodi, ilikuwa imening'inia pembe nyekundu ya marijani kwa utepe mwekundu. Pembe ya kukinga kijicho, mtu hajinunulii, anapewa. Na aliyepewa ndiye anayeigusa, mwingine akiigusa anajitafutia yake. Hakuuliza imetoka kwa nani. Ilionekana kwa namna Ruggiero alivyoitazama.

"Sawa," akasema, akarudisha mkono wake. "Choki imerudi."

Akaanza njia ndefu. Plagi alizichomoa nyeusi tititi, kavu kama vijinga vya mkaa. Akazisafisha. Chujio la hewa lilikuwa jipya. Akafungua kabureta zote mbili, zile zinazochanganya petroli na hewa, akapima maboya, akabadilisha sindano zake, akakuta mafundi waliotangulia wameweka vijitundu vya petroli vidogo kuliko inavyotakiwa, akarudisha vya asili. Akawasha. Gari likanguruma vizuri kidogo, kisha likashiba, likatoa wingu jeusi lililomfukuza Bi Ersilia na maharage yake.

"Nilikwambia!" Bi Ersilia akapiga kelele toka ndani.

Kazi ikasogea mpaka kiangazi, na Loredana, tuseme ukweli, hakuharakisha. Kila siku simu ililia.

"Halo, daktari?"

"Nani mwenzangu?"

"Jamaa wa mgonjwa."

"Mgonjwa amelala. Jamaa wa mgonjwa amekula?"

"Bado."

"Basi njoo na pizza ya kukaanga, moja yenye pilipili. Na usije mikono mitupu ya maneno, moyo wangu, njoo na maneno pia."

Alikuja na pizza, akaja na maneno, akaja siku nyingine na kahawa ndani ya chupa. Akikaa juu ya tairi kuukuu alimtazama anavyofanya kazi. Alimwambia ngozi ya mwanakondoo huvutwa kwanza, ndipo ikatwe. Ukiwa na haraka nayo inakulipiza baadaye. Loredana akamwambia kabureta nazo ni vivyo hivyo. Siku hiyo walibusiana kwa mara ya kwanza, na Ruggiero alirudi kwake ana alama nyeusi shavuni, akapita nayo mtaa mzima bila kujua. Au alijua.

Jioni moja, jua bado lipo, walilitoa gari kulijaribu mpaka Posillipo. Loredana alivaa gauni la kijani lisilo na mikono na kilemba cha hariri cha kukinga moshi. Kabla ya kuwasha, Ruggiero aligusa ile pembe kwa vidole viwili, midomo ikachezacheza. Njia nzima bahari ilikuwa kushoto, mwanamke mzuri kulia, na yeye macho yako kwenye kioo cha nyuma.

"Unatazama nini huko?"

"Hakuna."

"Ruggiero."

Akasimamisha gari. Moshi ukawafikia toka nyuma, ukapita juu ya vichwa vyao, mtamu na mchungu. "Moshi," akasema. "Ukiwepo, najua yupo. Alikuwa akinuka hivi, petroli na sigara. Wengine wana picha. Mimi nina huu."

Loredana alisikia baridi mabegani, na joto lote lile. "Sasa unataka lipone au hutaki?"

Ruggiero aliliwasha tena gari, na waliporudi mjini kila mtu alikuwa na wa kwake wa kumuwaza. Loredana alimwaza Ruggiero. Ruggiero unajua alimwaza nani.

Aliugundua ugonjwa asubuhi ya Septemba, ameingia chini ya boneti na taa ya baba yake, injini inanguruma na kufuka. Pembeni mwa kila kabureta kuna mkono mdogo wa choki, na mkono ule unatakiwa ulale mpaka ugonge kizuizi chake. Haukuwa umelala. Kati ya mkono na kizuizi palipita mwanga, mwembamba kama uzi. Akausukuma kwa kidole. Sauti ya injini ikabadilika pale pale, ikawa nyembamba na safi, na moshi ukakatika. Akaachia. Moshi ukarudi.

Akaifuata kebo ya choki mpaka ndani ya gari, akapiga magoti, akamulika bila kugusa. Utepe wa ile pembe ulikuwa umezungushwa shingoni mwa kishikio na kufungwa fundo nene, na fundo limekaa nyuma yake, kati ya kishikio na dashibodi. Unasukuma, kinafika kwenye fundo, unafikiri kimefika mwisho. Hakijafika. Choki ya gari lile haikuwahi kufungwa tangu utepe ulipofungwa. Ndiyo maana linawaka Januari bila tabu, na ndiyo maana likipata joto linasongwa na petroli yake. Mafundi wa Napoli nzima walipita hapo, na kila mmoja alipoiona pembe ya marehemu aliondoa mkono wake, kama alivyoondoa yeye.

Loredana alicheka peke yake. Akapanga namna ya kumwambia: kwa upole, wakiwa wamekaa, amshike mkono.

Ruggiero akaja mchana huohuo, na karatasi laini mkononi. "Deni langu," akasema. Ndani mlikuwa na glavu nyeupe za ngozi ya mwanakondoo, laini mpaka mtu anaogopa kuzishika, mshono hauonekani. Loredana alinawa mikono mara mbili. Akaingiza mkono. Vidole vya glavu vilikuwa vyembamba na virefu. Wake viligoma nusu ya njia. Akavuta, ngozi ikalia.

"Ulinipima lini?"

"Sikukupima. Nilikata tu, mkono wangu ukaenda..." Rangi ikamtoka usoni.

Wote wawili walielewa kwa pamoja. Mkono wake ulikwenda ulikozoea. Alikuwa amemkatia Mirella.

"Ni nzuri," Loredana akasema, akazikunja, akamrudishia. "Ni nzuri sana. Si zangu."

"Loredana, kipenzi, sikujua..."

"Najua hukujua. Ndiyo inayouma. Njoo uchukue gari lako kesho."

Alipoondoka, Loredana alikaa chini akalia, akajipaka weusi uso mzima. Sasa amwambieje? *Fungua pembe aliyokupa mkeo*, aseme yeye, mwanamke ambaye glavu zimemkataa? Hata mwenyewe asingejiamini. Na kuigusa pembe hakuthubutu. Kwa hiyo akafanya ujanja wa fundi: akaichomoa kebo kule kwenye kabureta, akailaza mikono ya choki mpaka mwisho, akaikaza. Pembe ikabaki ilipo, utepe ukabaki ulipo. Gari likapona. Hakusema neno.

Ruggiero akalichukua, na siku ya pili yake simu ikamlilia Loredana.

"Loredana. Halina moshi."

"Ndiyo kazi uliyonipa."

"Nimepanda kilima chote cha Capodimonte natazama kioo. Hakuna kitu. Barabara tu. Umemfanya nini?"

"Nani?"

"Usinichezee. Hata harufu imetoka. Uligusa nini?"

"Sikugusa kitu chake, naapa kwa roho ya baba yangu."

"Umemfukuza. Ulimwonea wivu maiti!"

Hapo angeweza kumweleza kila kitu. Lakini neno la kweli linapokuja kama tusi, mtu hulijibu kama tusi.

"Ndiyo, nilimwonea! Yeye ana glavu, mimi sina!" Akakata simu.

Ruggiero alirudia kupiga, Loredana hakupokea. Kisha Loredana akapiga, na yeye hakupokea. Vuli ikapita. Mkata glavu alikonda. Aliliendesha gari lake safi, likapita ukaguzi, watu wakampongeza, na kila alipotazama kioo alijiona amefiwa upya. Alijaribu kumkumbuka Mirella anavyocheka. Mara nyingine kicheko kilikuja na sura nyingine, pana, yenye masizi puani, na akajiona msaliti wa wote wawili.

Februari theluji iliufunika mlima Vesuvio mpaka kiunoni. Asubuhi ya kumbukumbu ya kifo cha Mirella, Loredana alikuwa jikoni, kahawa ndiyo kwanza inapanda, simu ikalia.

"Haliwaki."

Aliijua sauti kabla ya neno. Akazima jiko. "Na wewe umeamkaje, Ruggiero?"

"Leo ni siku yake. Nina maua humu ndani. Nalipigia stata mpaka betri inalia, haliwaki. Halijawahi kunikataa kwa baridi, Loredana, kamwe."

"Umevuta choki?"

"Nimevuta. Kishikio kinakuja chepesi, kama jino bovu."

"Kwa sababu hakijashikana na kitu. Niliichomoa kebo mimi."

"Kwa nini?"

Loredana alivuta pumzi. "Inama. Tazama nyuma ya kishikio. Unaona nini?"

"Utepe."

"Na nini tena?"

"Fundo."

"Nani alilifunga?"

Kwa mbali zilisikika kengele za kanisa la San Vincenzo. "Mimi," Ruggiero akasema. "Alinipa pembe akiwa kitandani. Akasema iweke utakapoigusa kila siku. Nikitoka kumzika nikaifunga hapo. Nilifunga mara tatu, isije ikadondoka."

"Sasa sukuma kishikio mpaka mwisho."

"Kimefika."

"Hakijafika. Kimeishia kwenye fundo. Hakijawahi kufika tangu siku uliyomzika. Choki ilikuwa wazi miaka yote hiyo, moyo wangu. Moshi ulitoka hapo."

"Kwa hiyo hakuwa yeye."

"Ulikuwa wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia vipi? Mimi ndiye nikwambie ufungue pembe ya mkeo? Mafundi wote waliiona, hakuna aliyetia mkono. Mimi mkono wangu una nini zaidi? Hata glavu haiingii."

Ruggiero aliiweka simu kitini, wazi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, fundo limekauka kwa miaka na vumbi. Mkata ngozi hodari ikabidi atumie meno. Utepe ulikuwa na ladha ya petroli. Fundo la kwanza likalegea, la pili, la tatu. Pembe ikamwangukia kiganjani, nyepesi kuliko alivyodhani. Akakisukuma kishikio, kikaingia kwa sauti ndogo, *tik*, sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu Mirella akiwa hai. Akaweka kichwa juu ya usukani akalia kwa sauti, na Loredana upande wa pili akamsikiliza mpaka mwisho.

Kisha Loredana akavaa koti la baba yake juu ya nguo za kulalia, akatia miguu kwenye mabuti, akatoka na koleo na bisibisi. Alimkuta amesimama kando ya gari, macho mekundu, maua ya krisanthemu, yale ya kupeleka makaburini, yako kwenye kiti cha abiria. Hawakusalimiana. Loredana aliinama chini ya boneti akairudisha kebo, mikono ikiingia weusi toka kwenye bomba na vyuma mpaka vifundoni.

"Vuta choki."

Akavuta. Gari likawaka mara moja, na moshi mweusi ukawafunika wote wawili.

"Usiogope," Loredana akasema ndani ya wingu. "Huu ni wa haki yake. Gari baridi lazima livute kidogo."

Walisimama ndani yake, Ruggiero akiuvuta puani kama mtu anayeaga. Injini ikapata joto, ikaanza kukohoa.

"Sasa rudisha."

"Rudisha wewe."

"Hapana, Ruggiero. Hiyo ni kazi ya mkono wako."

Alirudisha taratibu. Sauti ikasafika, moshi ukakonda, ukaisha, na nyuma ya gari ikabaki barabara na mama mmoja mwenye kikapu.

"Twende wote," Ruggiero akasema.

"Leo hapana. Leo ni yake. Mimi nina kesho, kama ipo."

Akaenda peke yake. Pembe aliifunga kwenye taa ndogo ya kaburi la Mirella kwa utepe uleule, akafunga mara moja tu, kisha akabaki pale muda mrefu akimweleza habari za mwanamke wa Cristallini. Alichojibiwa anakijua yeye.

Hakungoja kesho. Alirejea alasiri, na Bi Ersilia akalinyooshea gari shingo toka kizingitini.

"Vipi, Mirella kaacha sigara?"

"Ameacha, Bi Ersilia."

"Imemchukua muda, maskini."

Ruggiero aliingia karakanani, akatandika juu ya boneti karatasi nyeupe, ile ya kuchorea violezo vya glavu. "Weka mkono."

"Una wazimu? Tazama mkono ulivyojaa masizi."

"Weka hivyohivyo."

Loredana akauweka. Ruggiero akaubonyeza juu ya karatasi kwa mkono wake, kidole kimoja baada ya kingine, na kwenye gumba akakawia. Ulipoinuka, mkono ukabaki kwenye karatasi: mfupi, mpana, mweusi, wa mtu mmoja tu duniani.

"Sasa sitakosea. Nikate za rangi gani?"

"Nyeupe."

"Za kwendea wapi?"

"Kanisani."

"Dada yako kazaa tena?"

"Ruggiero," Loredana akasema, uso umemwiva, "kuna watu huanza na kitu kingine kabla ya ubatizo."

"Harusi, mjinga wewe!" Bi Ersilia akapiga kelele toka nje.

Ruggiero aliiinua karatasi kwa ncha mbili. Unga wa masizi ulikuwa umesimama juu yake. Hakuufuta. Aliupuliza taratibu.